Wageni wa ajabu wa parokia ya Mpala



Kila mara parokia ya zamani inapofanya jubile, tunagawiwa karatasi ile ile: orodha ya mapadri, mwaka wa kufika, mwaka wa kuondoka, kiisha picha ya askofu chini. Mimi napenda jubile, na wali na nyama ya mbuzi yake pia. Lakini orodha ile inaficha jambo. Mlango wa kanisa la zamani haukupitwa na mapadri na waamini tu. Ulipitwa na watu wa ajabu: askari asiye na jeshi, mtu wa kukusanya ndege, mkubwa wa kujipa ufalme, watoto waliouzwa kama chumvi. Na mara nyingi njo hao walioamua parokia itakuwa kitu gani. Nachukua mfano wa Mpala, sababu ni moja ya misioni za kwanza kabisa za Congo ya mashariki, na sababu wageni wake walikuwa wa ajabu kweli kweli.

Kwa wale wasiopafahamu: Mpala iko kando ya ziwa Tanganyika, upande wetu wa magharibi, kati ya Kalemie na Moba, karibu na fasi mto Lufuko unamwagika ziwani. Ukivuka maji kwenda mashariki unafika Karema, Tanzania. Wenyeji waliita fasi hiyo Lubanda. Mpala lilikuwa jina la chifu aliyekuwa pale. Kwa hiyo jina la parokia ni jina la mwenyeji, na karibu mengine yote yaliletwa na wageni.

Mgeni wa kwanza hakuja kusali hata kidogo. Anaitwa Émile Storms, luteni wa jeshi la Ubelgiji. Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili aliunda shirika lake la Afrika, akisema ni la sayansi na la kupinga utumwa. Shirika lilijenga kituo Karema, na kutoka kule Storms alivuka ziwa, Mei 1883, akafanya undugu wa damu na chifu Mpala, kiisha akajenga boma. Boma kubwa, lenye kuta. Watu wakampa jina ambalo wazee wa huko wamelibeba miaka mingi: Bwana Boma. Wazungu wenzake walimtania wakimwita kaizari wa Tanganyika. Ilikuwa mzaha, lakini yeye mwenyewe hakuishi kama mtu anayeona ni mzaha.

Wageni wengine walipitia kwake. Mwaka ule ule wa 1883 walivuka Wajerumani wawili, Richard Böhm na Paul Reichard. Böhm alikuwa mtu wa ndege: anawakusanya, anawachora, anawaandika. Fikirieni mwenyeji wa Lubanda anavyomtazama mwanaume mzima aliyesafiri miezi na miezi kutoka Ulaya juu ya kindege cha mtini. Waliendelea hadi Katanga, na Böhm akafa kule 1884 kwa homa. Reichard akarudi peke yake. Leo kuna ndege na punda milia wenye jina la Böhm katika vitabu vya wanazoolojia. Huyo basi, alipita kama upepo.

Storms hakupita hivyo. Juu ya milima ya Marungu kulikuwa chifu mwingine mwenye nguvu, Lusinga, aliyekuwa na bunduki na aliyefanya biashara ya watumwa na pembe. Tusimfanye malaika, watu walimwogopa. Lakini shida kati yake na Storms ilikuwa shida ya madaraka: wakubwa wawili, milima mimoja. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia Lusinga, wakamuua, wakakata kichwa chake. Storms alikihifadhi. Aliporudi Ubelgiji alibeba mafuvu matatu: la Lusinga, na ya machifu wengine wawili, Maribou na Mpampa. Alibeba pia sanamu za mababu, na ile ya Lusinga leo inahesabiwa kati ya kazi kubwa za mikono ya Watabwa. Mwaka 1886 fuvu la Lusinga lilipimwa na daktari mmoja wa Brussels na kuelezwa mbele ya wataalamu wa anthropolojia, kama mtu anavyoeleza jiwe.

Sasa kuna mtu ataniuliza: habari hiyo inahusu nini kanisa? Inahusu hivi. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alikuwa amepata Congo yake kwa kupitia bahari ya Atlantiki, na vituo vya Tanganyika havikumsaidia tena sana. Akavitoa kwa Mapadri Weupe wa kardinali Lavigerie. Storms akaondoka, mapadri Moinet na Moncet wakaingia. Na waliingia ndani ya boma lile lile. Walirithi kuta, bunduki, watu wenye silaha, na kesi za watu waliozoea kuja kuamuliwa pale. Parokia ya Mpala haikuanza chini ya mwembe na kitabu cha nyimbo. Ilianza ndani ya kambi, miezi michache baada ya kichwa cha Lusinga kukatwa. Kwenye karatasi za jubile tunaandika "1885, kufika kwa wamisionari" na tunaruka mstari wa juu yake.

Wamisionari wenyewe walikuwa kiajabu kwa macho ya watu. Shirika lao lilizaliwa Algiers 1868, na Lavigerie aliwavika mavazi ya Waarabu wa kule: kanzu nyeupe, joho, kofia nyekundu, na rozari shingoni. Katika nchi ya Waarabu hiyo ilikuwa njia ya kukaribia watu. Lakini huku ziwani, mtu mwenye kanzu nyeupe na shanga za sala alikuwa nani? Alikuwa mtu wa Ujiji, mtu wa msafara, labda mnunuzi wa watumwa. Na lugha waliyoanza kutumia na kuandika ilikuwa hiyo hiyo ya misafara, Kiswahili. Ndiyo maana hadi leo kwetu tunasali "Baba yetu" kwa lugha iliyoletwa na watu ambao misioni ilisema imekuja kupigana nao. Mimi nalipenda jambo hilo, lakini lazima tulitambue.

Lavigerie aliwawekea mapadri wake sheria nyingine ambayo sisi watu wa memwari tunapaswa kuishukuru: kila misioni iandike daftari la kila siku. Nani amefika, nani amekufa, mvua, vita, ugonjwa, bei ya unga. Madaftari hayo yapo, na mengi ya yale tunayojua juu ya Mpala yanatoka humo. Ila yameandikwa na mgeni, kwa macho ya mgeni. Muweke hilo kichwani.

Bon, tufike kwa mgeni mwenyewe.

Mapadri walikuwa na boma na bunduki, lakini padri haruhusiwi kumwaga damu. Na upande wa pili wa maji, Ujiji, kulikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye watu wake walitafuta watumwa na pembe pande zote za ziwa. Nani atalinda misioni? Dola haikuwa bado imefika. Lavigerie alikuwa na ndoto kubwa zaidi ya ulinzi: alitaka ufalme wa kikristo katikati ya Afrika, wenye mfalme wake. Kwa hiyo alitafuta walei wenye ujuzi wa silaha, na aliwapata kati ya wazee wa jeshi la Papa.

Hapa lazima nieleze kidogo. Zamani Papa alikuwa na nchi yake kubwa katikati ya Italia, na jeshi. Vijana wakatoliki wa Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na kwingine walijitolea kumtetea, wakaitwa Zouaves wa Papa. Mwaka 1870 Roma ilitekwa, nchi ya Papa ikaisha, na jeshi likaisha nayo. Wakabaki wanaume wenye imani kali, wanaojua kupiga bunduki, bila kazi ya kufanya. Baadhi yao waliletwa na misafara ya mapadri hadi Tanganyika. Wengi hawakudumu. Homa iliwamaliza ao walirudi.

Mmoja alidumu. Léopold Joubert, mwana wa kijiji cha Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa, aliyezaliwa 1842. Alikuwa amepigana Italia tangu 1860, akafika cheo cha kapiteni. Alikuja kwa mara ya kwanza na msafara wa 1880, akarudi kwao, kiisha mwaka 1887 alifika Mpala na hakuiona tena Ulaya hadi kufa. Miaka 40. Fikiria mtu aliyeshindwa vita vya kumtetea Papa ku Roma, anakuja kuvianza upya kando ya ziwa Tanganyika, na jeshi lake sasa ni vijana wa Kitabwa na watumwa waliokombolewa.

Mapadri walimwachia mambo ya vita na ya serikali. Alifundisha watu gwaride na kulinda vijiji, alihukumu kesi, na baadaye akajenga kambi yake Mrumbi, upande wa kusini wa Mpala, akaiita Saint-Louis. Hakuwa na cheo cha dola yoyote alipofika. Hakuwa padri, wala bruda, wala mfanyabiashara. Ukiuliza leo alikuwa nani kisheria, profesa wa droa atakuna kichwa. Alikuwa chifu bila ukoo na afisa bila serikali, mtu aliyesali rozari na kupanga walinzi wa usiku.

Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, msichana mkristo wa huku. Kanisani, mbele ya watu. Wasomaji wa leo wataona ni jambo la kawaida, lakini kumbukeni kwamba katika miaka iliyofuata wazungu wengi wa dola waliishi na wanawake weusi wakiwaita watunza-nyumba, kiisha wanapanda meli na kuwaacha na watoto. Joubert hakupanda meli. Watoto wake walizaliwa hapa, na yeye alizeekea hapa. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko vita vyote alivyopigana.

Vita hata hivyo vilikuwa vya kweli, na karibu vimshinde. Watu wa Rumaliza walimbana, baruti ilipungua, na vijiji vilivyomtegemea vilikuwa na njaa. Ubelgijini, shirika la kupinga utumwa lililochochewa na mahubiri ya Lavigerie lilikusanya pesa na kutuma kapiteni Jacques, aliyefika ziwani 1891 na kuanzisha Albertville, ambayo ndiyo Kalemie ya leo. Misioni ikapona. Lakini angalieni bei: tangu hapo mkubwa wa ziwa akawa dola ya Leopold. Ufalme wa kikristo wa Lavigerie ukafa kimya kimya, siyo kwa mkono wa Rumaliza, ni kwa mkono wa waliokuja kuuokoa. Askofu Roelens, Mbelgiji aliyefika 1892, hakuhitaji mfalme. Alijenga Baudouinville, fasi ya Kirungu na Moba, na uzito wa mambo ukahama kutoka Mpala kwenda kule.

Na Joubert? Alibaki na kijiji chake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulipiga kando ya ziwa vibaya sana na vijiji vikahamishwa mbali na maji. Yeye pia alihama, akakaa Misembe, karibu na Moba, akiwa mzee ambaye macho yanamwacha. Alikufa 1927, miaka 85.

Tusimfanye mtakatifu haraka. Hakuna mtu wa Lubanda aliyemchagua awe hakimu wake. Alikuwa na bunduki, na aliye na bunduki hukumu yake inasikilizwa. Lakini mtu akiniambia Storms na Joubert ni kitu kimoja, "bazungu ni bamoja", nakataa. Mmoja alikaa miaka mitatu hivi akaondoka na vichwa vya watu. Mwingine aliacha mifupa yake mwenyewe.

Kuna wageni wengine ambao kwangu ni wa ajabu kupita hao, na karibu hakuna anayewataja. Lavigerie alifungua shule Malta mwaka 1881, ambako vijana weusi waliokombolewa utumwani walifundishwa udaktari. Kiisha aliwatuma maziwa makubwa wawe madaktari na makatekista. Anayejulikana zaidi ni Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, Mali ya leo, akaibiwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akasoma Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, ng'ambo ya Mpala. Alitibu watu pale hadi kufa kwake 1956. Mtoto wake Joseph akawa padri 1923. Wenzake, kama Charles Faraghit na Joseph Gatchi, walitumwa upande wetu wa ziwa. Sasa jaribu kuona mgonjwa wa Kitabwa, miaka ya 1890: daktari wa kwanza mwenye masomo ya Ulaya anayemwona ni mtu mweusi kama yeye, haongei lugha ya kwao, anaandika Kifaransa, na amevuka Afrika nzima bila kuomba. Sisi tunaohesabu madaktari wa kwanza wa Congo, hao tunawaweka wapi?

Na waliokombolewa wa kawaida, ambao hawakwenda Malta? Njo waliokuwa wakristo wa kwanza wa Mpala. Wengi hawakuwa Watabwa. Walikamatwa mbali, walinunuliwa na mapadri kutoka misafara, mara nyingi wakiwa watoto, wakakuzwa misioni, wakaozeshwa wao kwa wao, wakapewa shamba ndani ya kijiji cha kikristo. Waliokolewa, ni kweli. Ila hawakuwa na ruhusa ya kuondoka wapendavyo, wala hawakuwa na kwa kwenda. Walikuwa wageni kama Storms na Joubert, lakini wasiochagua safari. Lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na nyingine. Ukoo wao ukawa parokia.

Kutoka misioni hiyo matunda yalitoka haraka. Seminari ndogo ilifunguliwa Mpala mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya kuhamia Lusaka, ile ya kwetu siyo ya Zambia. Mmoja wa watoto wake, Stefano Kaoze, alitoa mwaka 1910 maandishi yake kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu, na tarehe 21 Julai 1917 akawa padri wa kwanza wa Congo nyakati zetu. Kaoze alikuwa mwana wa Marungu, milima ile ile ya Lusinga. Kati ya kichwa kilichokatwa na upadri ule ni miaka 33 tu. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Bwana Boma angeweza kuhudhuria misa ya Kaoze, na nina hakika wako waliohudhuria.

Mafuvu je? Yalitoka kwa Storms, yakapita mize ya Tervuren, kiisha yakawekwa katika taasisi ya sayansi ya asili ya Brussels. Watu wengi, hata wasomi wetu, walisikia habari hiyo mara ya kwanza mwaka 2018, mwandishi wa habari Mbelgiji Michel Bouffioux alipoitoa hadharani. Lakini ku Lubanda watu hawakungoja gazeti. Mtafiti Mmarekani Allen Roberts, aliyeishi kule miaka ya 1970, aliwakuta bado wanasimulia kifo cha Lusinga, kwa namna yao, tofauti na ile ya Storms. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja wake huko Ixelles, Brussels. Kuondoa sanamu ya shaba kulikwenda upesi. Kurudisha mifupa kunataka mtu wa kuipokea, kaburi la kuiweka, na jibu la swali ambalo sisi wenyewe tunalikwepa: nani atasali juu ya Lusinga siku akirudi, ukoo wake, padri wa Mpala, ao wote wawili?

Kwa wanafunzi wa historia, wa droa na wa lugha wanaotafuta kichwa cha TFC, kazi iko. Storms ameandikwa, Joubert ameandikwa. Juu ya Agnes Atakaye nimetafuta, na ninachokuta ni jina, tarehe ya ndoa, na jina la mume. Aliishi na kapiteni karibu miaka 40, alijua upande wa wageni na upande wa wenyeji, na kila neno alilosema kwa Kitabwa ao kwa Kiswahili lilipita bila daftari. Wajukuu na vitukuu wako. Wazee wa Moba na Kirungu waliokua wakisikia habari za nyumba ile, baadhi yao bado wanapumua. Simu zenu zinarekodi sauti.